Hatia, Deni na Mazungumzo: Uhakiki wa Mazungumzo Manne ya James Baldwin

Utangulizi

Aghalabu wahakiki wa fasihi huyachukulia mazungumzo ya waandishi kuwa ni makombo ya kazi zao. Riwaya husomwa, tamthilia huchezwa, shairi huchambuliwa ubeti kwa ubeti. Lakini maneno ambayo mwandishi aliyatamka mbele ya kinasa sauti hukumbukwa pale tu mhakiki anapotafuta ushahidi wa jambo alilokwisha kuliamua. Mtazamo huu una kasoro. Mwandishi akikutana na mtu wa kujibizana naye, fikira zake hupata mpinzani aliye hai, na mpinzani huyo hawezi kunyamazishwa kama mhusika wa riwaya.

Makala haya yanashughulikia mazungumzo manne juu ya rangi na utamaduni aliyoyafanya James Baldwin (1924-1987), mwandishi mweusi wa Marekani: na Margaret Mead mwaka 1970, na Nikki Giovanni mwaka 1971, na Chinua Achebe mwaka 1980, na Audre Lorde katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka 1984. Madhumuni ni mawili. Kwanza, kuonyesha kwamba mazungumzo hayo yana fani yake na yanastahili kupimwa kwa fani hiyo. Pili, kuuliza ni mambo gani yatakayomkabili mwanazuoni wa Kiswahili atakayejaribu kuyaeleza kwa lugha yake.

Malumbano na Ngonjera

Fasihi ya Kiswahili si ngeni kwa fani ya kujibizana. Mapema katika karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa alilumbana kwa mashairi na washairi wa Lamu, na jambo lililogombewa halikuwa mchezo: lilikuwa ni vita na utawala wa pwani. Shairi lilitolewa kama changamoto, nalo jibu lilingojewa. Katika karne ya 20, Mathias Mnyampala (1917-1969) aliikuza ngonjera, ambayo nayo ni majibizano. Lakini katika ngonjera mambo huenda kwa utaratibu mwingine. Asiyejua huanza na shaka, ajuaye humweleza, na mwishoni wote wawili hukubaliana. Msikilizaji hujua tangu ubeti wa kwanza safari inakoishia.

Tofauti hii yatosha kuwa kipimo. Katika malumbano hakuna ajuaye mwisho. Katika ngonjera mwisho umekwisha kuandaliwa. Basi swali la kuuliza juu ya mazungumzo yoyote ya waandishi si kama wasemaji ni watu mashuhuri, wala kama maneno yao ni mazuri, bali kama kila mmoja ana uwezo wa kumwondoa mwenziwe mahali aliposimama.

Baldwin na Mead

Margaret Mead (1901-1978) alikuwa mwanaanthropolojia mzungu aliyepata sifa kwa kitabu chake juu ya vijana wa Samoa kilichotoka mwaka 1928. Alikutana na Baldwin mjini New York mnamo Agosti 1970. Hawakuwa wamewahi kuonana. Walizungumza kwa kiasi cha saa saba na nusu, na maneno yao yakachapishwa kuwa kitabu mwaka 1971.

Kiini cha mzozo wao ni mambo yaliyopita. Mead hakukana kwamba kila mtu ana wajibu kwa mambo ya leo na ya kesho. Alichokataa ni kubebeshwa hatia ya matendo yaliyofanywa na watu wengine, ama kabla yake, ama bila ya ridhaa yake. Baldwin naye alishikilia kwamba yaliyopita hayajapita. Kwamba yamo ndani ya walio hai, na hata yeye mwenyewe hawezi kujitoa. Mfano uliowagawa ni wa wasichana wanne weusi waliouawa kwa bomu kanisani mjini Birmingham, katika jimbo la Alabama, mwaka 1963. Mead alisema kwamba si yeye aliyelitega bomu hilo, na kwa hiyo hawezi kulitolea hesabu. Baldwin alijihesabu mwenyewe kuwa miongoni mwa wenye kuulizwa.

Kama kitabu, kazi hii ina kasoro zisizofichika. Mazungumzo huzunguka, hurudi pale pale, na wakati mwingine kila mmoja hujificha katika ufundi wake: Mead hukimbilia mifano ya jamii za mbali alizozichunguza, na Baldwin hupaa katika lugha ya mahubiri aliyoirithi kanisani. Hata hivyo, yakipimwa kwa kipimo kilichowekwa hapo juu, haya ni malumbano ya kweli. Hakuna aliyeacha hoja yake kwa sababu ya adabu, na msomaji hafungi kitabu akiwa amepewa suluhu.

Baldwin na Giovanni, Baldwin na Lorde

Mwaka 1971 Baldwin alikaa mjini London pamoja na mshairi Nikki Giovanni kwa ajili ya Soul!, kipindi cha televisheni kilichoongozwa na Ellis Haizlip. Kitabu kilichotokana na kikao hicho kilitoka mwaka 1973. Baldwin alikuwa na umri wa miaka 47. Giovanni alikuwa na miaka 28. Safari hii hapakuwa na mzungu barazani, na mara swali likageuka. Halikuwa tena swali la yale ambayo mkandamizaji amemtendea mkandamizwa, bali la yale ambayo wakandamizwa hutendeana nyumbani.

Baldwin alieleza hali ya mwanamume mweusi anayedhalilishwa kazini mchana kutwa, akarudi nyumbani bila ya kitu cha kumpa mkewe na watoto wake isipokuwa uchungu. Giovanni hakuyakana maelezo hayo, ila hakuyakubali kuwa udhuru. Hoja yake ilikuwa nyepesi na kali: ikiwa mwanamume huyo aweza kumchekea mwajiri wake ilhali moyoni anamchukia, basi aweza pia kuileta sura hiyo ya furaha nyumbani, hata kama ni ya uongo.

Miaka kumi na mitatu baadaye mambo hayohayo yalirudi. Katika mazungumzo yaliyochapishwa na jarida la Essence mwaka 1984, Audre Lorde (1934-1992), mshairi mzaliwa wa New York ambaye wazazi wake walitoka visiwa vya Karibi, alimkumbusha Baldwin kwamba ndoto ya Marekani, ambayo yeye alisema watu weusi waliiamini, haikumwota mwanamke mweusi hata kidogo. Kadhalika alisisitiza kwamba mapigo ambayo mwanamke mweusi huyapata kwa mkono wa mwanamume mweusi hayawezi kufichwa nyuma ya mapigo ya mzungu. Baldwin akarudi tena kwenye maelezo ya mambo yanayomfikisha mwanamume hapo.

Hapa ndipo faida ya kuyasoma mazungumzo haya kwa pamoja inapodhihirika. Mbele ya Mead, Baldwin ndiye aliyedai hesabu, na Mead ndiye aliyetoa maelezo. Mbele ya Giovanni na Lorde, Baldwin amehamia katika kiti cha Mead. Yeye aliyesema kwamba historia haimwachi mtu huru, sasa aitumia historia hiyohiyo kuwa ngao. Hili halipunguzi ukweli wa alichomwambia Mead; laupa ukweli huo uzito zaidi, kwa kuwa laonyesha jinsi ilivyo vigumu kwa yeyote kukubali kuulizwa. Riwaya za Baldwin hazingeweza kulionyesha jambo hili kwa namna hii, kwa sababu ndani ya riwaya yeye ndiye agawaye maneno. Ilihitajika sauti ambayo hakuiandika yeye.

Baldwin na Achebe

Mazungumzo na Chinua Achebe (1930-2013) yalifanyika Gainesville, katika jimbo la Florida, mwaka 1980, kwenye mkutano wa Chama cha Fasihi ya Kiafrika. Waandishi hao wawili walikuwa wakikutana kwa mara ya kwanza. Baldwin alieleza kwamba alipoisoma Things Fall Apart, riwaya ya kijiji cha Waigbo asichokijua, alimwona mle baba yake. Katikati ya mazungumzo, sauti ya mbaguzi ilijipenyeza katika vipaza sauti na kumtukana. Baldwin akaijibu, na kikao kikaendelea.

Kwa kipimo cha malumbano, mazungumzo haya ni dhaifu kuliko yale matatu. Wasemaji wanakubaliana karibu katika kila jambo, na mpinzani pekee ni yule asiyeonekana. Yana harufu ya ngonjera. Lakini ngonjera nayo ina kazi yake, na kazi yake hapa ni kuthibitisha udugu ambao bahari na karne za biashara ya utumwa ziliukata. Msomaji wa Kiswahili ana njia ya kulipima dai la Baldwin bila ya kupitia Kiingereza, kwani riwaya hiyo imekuwapo kwa lugha yake tangu mwaka 1973, Clement Ndulute alipoifasiri kwa jina la Shujaa Okonkwo.

Tatizo la Maneno

Je, mzozo wa Baldwin na Mead waweza kusemwa kwa Kiswahili? Neno linalokuja upesi ni hatia. Lakini hatia ni neno la mahakamani. Huhitaji mshitakiwa, shahidi na hukumu. Humpata mtu mmoja kwa tendo moja. Mfasiri akilitumia hilo peke yake, Mead ameshinda kabla ya kikao kuanza. Na asipokuwa mwangalifu, lugha yenyewe itampa Mead methali ya kumtetea: mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Hata hivyo Kiswahili kina neno jingine, nalo ni deni. Katika sheria ya mirathi ya Kiislamu, ambayo imezoeleka pwani kwa karne nyingi, mali ya marehemu haigawanywi kabla ya madeni yake kulipwa. Mrithi hana hatia ya deni hilo, hakulikopa yeye. Wala hadaiwi zaidi ya kile kilichoachwa. Lakini hawezi kuichukua mali na kuliacha deni. Dawa ya deni ni kulipa, na mwenye kuila mali ndiye aulizwaye.

Tofauti hii yaubadilisha mzozo mzima. Swali si tena nani alitenda, bali nani amerithi, na amerithi nini. Kwa njia hii Mead aweza kusema kweli kwamba hakulitega bomu, na Baldwin aweza kusema kweli kwamba hesabu bado yadaiwa, bila ya kweli moja kuifuta nyingine. Yamkini hoja ya Baldwin yasimama imara zaidi katika neno hili la Kiswahili kuliko katika maneno ya Kiingereza waliyogombania wawili hao. Na ndani yake mna pia jibu kwa Baldwin mwenyewe: mwanamume aliyerithi mamlaka ya nyumbani hawezi kuyashika mamlaka hayo na kulikana deni lake kwa mkewe, kwa kisingizio kwamba na yeye anadaiwa na kuonewa kwingineko.

Lakini lugha inayotoa neno hili haina usafi wa malaika. Kiswahili hicho hicho kilihifadhi maneno mwungwana, mtumwa na mshenzi, na kikawapanga watu kwa maneno hayo. Utumwa ulikomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kabla ya hapo mashamba ya Malindi na kwingineko yalilimwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Leo uungwana ni sifa ya tabia njema, na wachache huulizana sifa hiyo ilimtenga nani. Mwanazuoni anayeyafasiri mazungumzo ya Baldwin na Mead huku akijiweka moja kwa moja upande wa Baldwin atakuwa amefasiri nusu tu. Ikiwa deni hufuata urithi, basi liko deni pwani pia, na warithi wake huzungumza Kiswahili.

Hitimisho

Mnamo Juni 1962 waandishi wa Kiafrika walikutana Makerere kuzungumzia fasihi yao. Achebe alikuwapo, Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwapo akiwa bado mwanafunzi, na Langston Hughes alisafiri kutoka Marekani. Mkutano huo, kwa jina lake, ulikuwa wa waandishi wa Kiingereza. Kwa hiyo Shaaban Robert, ambaye alikuwa amekwisha kuandika vitabu vingi kwa Kiswahili, hakuwa na nafasi humo. Alifariki mwezi huohuo. Baadaye Ngũgĩ aliliandika jambo hilo, na ni haki kulikumbuka, ila kulalamika peke yake hakutoshi.

Mazungumzo manne yaliyohakikiwa hapa yanafundisha kwamba fikira za mwandishi juu ya rangi hazijulikani zote mpaka apate wa kumpinga, na kwamba mpinzani anayefaa kuliko wote ni yule aliye karibu naye. Fasihi ya Kiswahili ina fani ya malumbano, ina neno deni, na ina historia inayohitaji kuulizwa. Kilichopungua ni kikao ambacho kizazi cha waliomiliki na kizazi cha waliomilikiwa, mwanamume na mwanamke, wa pwani na wa bara, watajibizana kwa lugha hii pasipo mwisho uliokwisha kuandaliwa, na maneno yao yakahifadhiwa na kuhakikiwa kama fasihi. Idara za Kiswahili ndizo zinazopaswa kukiitisha.