Fuwele Hazitaki Haraka

Paracetamol imo karibu katika kila nyumba, ila walioiona ikitengenezwa ni wachache. Fundi sanifu wa maabara anapima para-aminofenoli, unga wa kahawia hafifu, na hauondoi kwenye mizani mpaka namba zitulie. Anautia kwenye chupa ya koni pamoja na maji, kisha anahamia kwenye kabati la kuvutia hewa, maana asetiki anhidridi huchoma macho na koo.

Anhidridi anaimimina kidogo kidogo huku akitikisa chupa. Kazi kubwa inafanyika hapo bila jicho kuiona: nitrojeni ya ule unga inashikana na kaboni ya anhidridi iliyoshikilia oksijeni, na asidi ya asetiki, ile ya kwenye siki, inabaki pembeni. Kundi la amaidi limeundwa, moja tu katika kila molekuli, ndiyo maana paracetamol ni monoamaidi. Molekuli hiyohiyo ina kundi la haidroksili ambalo nalo lingeweza kushika anhidridi, lakini nitrojeni hutoa elektroni zake kwa wepesi zaidi, ikawahi. Sijaacha kulistaajabia hilo.

Chupa inapashwa moto mpaka unga wote uyeyuke, kisha inaachwa mezani ipoe yenyewe.

“Mama, tusiweke barafu?” anauliza mwanafunzi.

“Bado, mwanangu. Ukiziharakisha fuwele, zitafungia uchafu ndani.”

Maji yanapokuwa vuguvugu bila dalili yoyote, anakwaruza ukuta wa ndani kwa fimbo ya kioo. Kwenye mkwaruzo panatokea vijisindano vyeupe, na punde vinatapakaa chupa nzima. Sasa ndipo barafu inakuja.

Anachuja kwa faneli ya Buchner, anasuuza kwa maji baridi machache, halafu anaziyeyusha fuwele upya katika maji yanayochemka. Lita moja ya maji hayo hubeba takriban gramu 50 za paracetamol. Yakipoa, hubaki na gramu 14 hivi, nyingine hurudi zikiwa safi zaidi. Anhidridi ingevunjwavunjwa na maji ya moto namna hiyo, lakini kifungo cha amaidi huyastahimili, kwa kuwa elektroni za nitrojeni huegemea upande wa kaboni na kukiimarisha.

Fuwele zikishakauka, anajaza chembe kwenye kijineli chembamba cha kioo na kupandisha joto taratibu, jicho kwenye kipimajoto. Zinaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 169, zinamalizika kwenye 170. Zingekuwa chafu, zingeanza mapema na kuyeyuka kwa kusuasua. Hizi ni safi.