Masikio Manane

Zamani mzee wa Ntobeye, huko Ngara, mkoani Kagera, akiona safari yake imekaribia, aliagiza watu waitwe wausikie wosia wake. Kalamu haikuwapo. Kirundi, ndugu wa damu wa Kihangaza, lugha ya huko, kina kitenzi cha tendo hilo: kuraga, kumwachia mtu mali kwa kauli yako mwenyewe.

Ufundi ulikuwa katika kuchagua wa kuitwa. Serikali ilipoziandika mila za koo za kuumeni katika Tangazo Na. 436 la 1963, kazi iliyotanguliwa na mikusanyo ya mtafiti wa mila Hans Cory, ambaye mwaka 1945 alishachapisha mila za Wahaya, iliutambua wosia wa mdomo na kuuwekea kipimo: mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wake waliopo nyumbani nao washuhudie.

Mimi hapo kwenye watu baki ndipo ninapovua kofia. Ndugu anaijua migomba yote, anajua ng'ombe yupi alitolewa mahari na yupi ni wa kupewa, lakini naye ana tumbo lake. Jirani hapati hata mkungu mmoja katika mgawo, kwa hiyo hana sababu ya kusahau. Ukoo peke yake ungeweza kukaa usiku mmoja na kukubaliana kumbukumbu mpya. Kukiwa na watu baki wawili, njama hiyo inakuwa ngumu. Stempu gani ya ofisini inaweza hayo?

Fundi alionekana zaidi pale alipomnyima mtu. Haikutosha kuliruka jina la mtoto mkaidi. Ilimpasa mzee atamke kwamba anamnyima, aseme na sababu: labda alimpiga mzazi, au alimtupa katika ugonjwa. Kisha mtoto apewe nafasi ya kujitetea. Hebu fikiria mgonjwa mkekani akimsikiliza mwanawe akijieleza, na majirani wametulia.

Kasoro ya utaratibu huu naijua. Kwa mila hizo binti alikaa mkiani mwa warithi, na ardhi ya ukoo aliitumia tu, hakuruhusiwa kuiuza. Lakini wosia ulikuwa pia mlango wa baba aliyetaka vinginevyo. Katika wilaya ya Muleba, mkoa huohuo wa Kagera, baba Mhaya alimwachia bintiye shamba la ukoo kwa wosia halali. Uzeeni, hana wa kumtunza, mama huyo akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Mtoto wa kaka yake akaenda mahakamani: mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu, Mwanza, ambako mwaka 1990 Jaji Mwalusanya alisema mila hiyo inabagua na haipatani na haki zilizomo katika Katiba.

Mauzo yakabaki halali.