Kushika bila Kushtua: Ufundi wa Klachi za Zamani

Klachi hutakiwa mambo matatu yasiyopatana. Ikishashika, ishike barabara, nguvu yote ya injini iende kwenye magurudumu. Inapoanza kushika, ianze taratibu, gari lisiruke. Na ikiachia, iachie mara moja, gia iingie bila kusagana. Mafundi wa Ulaya walihangaika na masharti hayo kuanzia miaka ya 1890, na kila walipotimiza moja, jingine liliwasumbua.

Mwanzoni ilitawala klachi ya koni. Flaiwili, gurudumu zito linalozungushwa na injini, ilichongwa shimo pana linalopungua kuelekea ndani, na springi ikasukuma humo koni iliyovishwa ngozi, mithili ya kikombe kinachopachikwa ndani ya kikombe. Kazi ilikuwa kupata mwinamo. Pande za koni zikiinama kidogo mno, hunasa na kukataa kuachia. Zikiinama sana, springi sharti iwe ngumu, na mguu wa dereva ndio unaolipa. Wengi walitulia karibu na digrii 12. Ngozi ilifungwa kwa ribiti za shaba, vichwa vyake vikizamishwa visije vikakwaruza flaiwili. Ngozi ikikauka, ilikamata kwa kishindo, hivyo ikapakwa mafuta ya mbarika. Ikilowa mafuta ya injini, iliteleza, ikanyunyiziwa unga wa udongo mkavu.

Ninachokistaajabia zaidi hakikuonekana kwa nje. Baadhi ya watengenezaji walitia springi ndogo chini ya ngozi, zikaiinua kidogo sehemu chache tu. Pedali ilipoachiwa, sehemu hizo ziligusa kwanza, zikateleza, zikaanza kulivuta gari. Ngozi iliyobaki ikafuata. Kuteleza, ambako kwa kawaida ni ubovu wa klachi, kumepimwa hapo na kupewa kazi.

Likabaki tatizo la kuachia. Koni ilikuwa pana na nzito, nayo imeungwa na shafti inayoingia kwenye giaboksi. Dereva akikanyaga klachi ili apande gia, shafti hiyo lazima ipunguze mwendo kabla meno hayajalingana. Koni nzito iliendelea kuizungusha, na meno yakalia. Wengine waliunda koni ya alumini. Wengine waliweka breki ndogo: pedali ikifika chini kabisa, koni inagusa kipande kinachoipunguzia kasi. Anayeshusha gia hataki shafti ipungue mwendo, basi alikomea katikati. Mguu mmoja, pedali moja, kazi mbili.

Mhandisi Mwingereza Henry Selby Hele-Shaw alishika njia nyingine mwanzoni mwa karne ya 20. Alipanga pleti nyingi, za chuma na za shaba nyeusi kwa kupishana, kila moja ikiwa na mfereji wenye umbo la V, akazitumbukiza zote katika mafuta. Zilipobanwa, mafuta yalitoka katikati yake kidogo kidogo, na gari likaondoka kwa ulaini. Lakini asubuhi ya baridi mafuta yaliganda, pleti zikagandamana, na klachi ikaendelea kuburuta hata ilipokanyagwa.

De Dion-Bouton wa Ufaransa walikuwa miongoni mwa waliotumia pleti moja tu, inayobanwa pande zote mbili. Ni nyembamba, haina uzito wa kuiendesha shafti ikishaachiwa. Iliyokosekana ilikuwa bitana ya kuvumilia joto. Herbert Frood, aliyeanza biashara yake ya bitana za breki huko Derbyshire, Uingereza, mwaka 1897, ni mmoja wa waliofungua njia hiyo kwa vitambaa vya asbesto. Pleti moja kavu ikashinda. Kulinganisha kasi za meno kukahamia ndani ya giaboksi, Cadillac walipoleta sinkromeshi mwaka 1928.

Ipasue pleti ya klachi ya leo: katikati ya bitana zake mbili utakuta vipande vya chuma vilivyopindwa kidogo, ili zisibanwe zote kwa mpigo. Ngozi ilikwisha kwa sababu ilikuwa dhaifu. Wazo lililowekwa chini yake halikuwa dhaifu, ndiyo maana hakuna aliyelitupa.