Maana ya Ushujaa katika Maandiko ya Kiyahudi na Masimulizi ya Nyanza ya Kusini

Utangulizi

Imekuwa desturi, kila inapojadiliwa fasihi simulizi ya Waluo, kumweka Luanda Magere kando ya Samsoni na kuridhika. Kila mmoja alikuwa na nguvu zisizo za kawaida; kila mmoja alikuwa na siri; kila mmoja aliangushwa na mwanamke. Ulinganisho huu si wa uongo, ila hauendi mbali. Unaeleza jinsi shujaa alivyokufa pasipo kuuliza ni nani aliyempa jina la ushujaa, na kwa ajili gani. Makala hii inadai kwamba Maandiko ya Kiyahudi yanalijua swali hilo vizuri. Kwamba masimulizi ya Homa Bay na Migori, zilizokuwa zamani wilaya moja ya Nyanza ya Kusini, yanaweza kusomwa kwa swali lilo hilo. Na kwamba neno "shujaa", kama linavyotumiwa katika tafsiri na madarasani, limelificha.

Neno lenyewe

Kiebrania humwita shujaa "gibor", neno lenye asili moja na "gever", yaani mwanamume. Katika Kiebrania cha Mishna, "gever" ni jogoo pia. Dholuo, lugha isiyo na udugu na Kiebrania, imepita njia iyo hiyo: "thuon" ni mtu jasiri, na "thuon gweno" ni jogoo. Lugha zote mbili, basi, zimeanza na picha moja: shujaa ni dume liwikalo na kupigana.

Lakini Maandiko hayakukomea hapo. Liko neno jingine, "hayil", lenye maana ya nguvu, uwezo, mali, na hata jeshi. Malaika anamwita Gideoni "gibor" wa "hayil" wakati Gideoni anapura ngano shinikizoni kwa kuwaficha Wamidiani. Boazi, ambaye hapigani vita vyovyote katika kitabu cha Ruthu, anaitwa kwa maneno yayo hayo. Na Ruthu, mjane mgeni kutoka Moabu, aokotaye masazo ya mavuno, anaitwa mwanamke wa "hayil". Vivyo hivyo mke asifiwaye mwishoni mwa Mithali. Katika tafsiri ya Union ya mwaka 1952, Gideoni amekuwa shujaa, Boazi mwenye mali, na Ruthu mwanamke mwema. Kila chaguo, likitazamwa peke yake, lina hoja; watafsiri wa Kiingereza walikwisha kutangulia kufanya hivyo. Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili hawezi tena kuona kwamba mjane aliyeokota masazo na jemadari aliyewafukuza Wamidiani wamesimama juu ya neno moja.

Wahenga wa Kiyahudi walilipanua neno hili zaidi. Katika mkusanyo wa mafundisho uitwao Avot, Ben Zoma anauliza "gibor" ni nani, na jibu lake ni yule aishindaye tamaa yake. Kwa kipimo hicho, Samsoni, aliyevunja milango ya mji wa Gaza lakini akashindwa kuuzuia ulimi wake, anaingia ukumbi wa mashujaa kwa taabu.

Yaeli, Delila na bibi arusi wa Kinandi

Kitabu cha Waamuzi kina wanawake wawili ambao wahakiki hawajawasoma pamoja vya kutosha. Yaeli anamkaribisha jemadari Sisera hemani, anampa maziwa, anamfunika, na akiisha kulala anampigilia kigingi kichwani. Delila anamlaza Samsoni magotini pake, naye ananyolewa. Tendo ni lile lile: adui mwenye nguvu anaaminishwa, analazwa, anaangamizwa. Yaeli anabarikiwa katika wimbo wa Debora. Delila amekuwa jina la usaliti. Ni kweli kwamba Delila aliahidiwa fedha, vipande 1,100 na kila mkuu wa Wafilisti, hali Yaeli hakuahidiwa kitu. Lakini tofauti kubwa zaidi ni upande anaosimama msimulizi. Na kitabu chenyewe hakifichi jambo hilo, kwa maana kinauhifadhi hata wimbo wa Wafilisti wakishangilia kutekwa kwa Samsoni. Adui amepewa nafasi ya kuimba ndani ya maandiko ya aliyeshindwa.

Utamaduni wa umma wa siku hizi umeisahau sauti hiyo. Filamu ya Cecil B. DeMille ya mwaka 1949 inamfanya Delila mpenzi mwenye wivu na majuto, na vita vya mataifa mawili vikawa ugomvi wa mapenzi.

Kisa cha Luanda Magere kimepatwa na jambo kama hilo. Chimbuko lake ni Kano, katika nchi ya Kisumu, lakini kimesimuliwa kote wanakokaa Waluo, hadi kusini. Wanandi, waliochoka kushindwa, wanampa Luanda binti yao. Akiugua, anamwagiza amchanje chale kivulini wala si mwilini. Damu inatoka, siri inajulikana. Binti anarudi kwao. Vitani mkuki unachoma kivuli, na Luanda anageuka jiwe. Darasani mwanamke huyu hufundishwa kuwa onyo: msioe wageni. Lakini akitazamwa kutoka vilima vya Nandi, yeye ndiye Yaeli. Alikwenda peke yake katika nyumba ya adui, bila silaha, akarudi na ukombozi wa watu wake. Msimulizi wa Kiluo hampi wimbo. Lakini kisa kingekufa bila ujasiri wake.

Ushujaa usio na mkuki

Nyanza ya Kusini ina mifano mingine inayopinga picha ya jogoo. Gor Mahia alikuwa mtu wa Kanyamwa, katika sehemu za Ndhiwa. Hakukumbukwa kwa misuli bali kwa dawa, hila na miujiza. "Mahia" ni maajabu. Mwaka 1968 jina lake lilipewa timu ya kandanda, na ukoo wake ukawa wito wa mashabiki: K'Ogalo. Timu hiyo ilipotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, jina la mganga mmoja lilikuwa limekwisha kuwa mali ya wachezaji kumi na mmoja na umati wao. Shujaa amegawanywa kwa wengi.

Upande wa Migori kuna Thimlich Ohinga, boma la mawe yaliyopangwa bila udongo wa kuyashikamanisha, linalokisiwa kuwa la karne ya 16, lililotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kitabu cha Nehemia kinaorodhesha waliojenga ukuta wa Yerusalemu, jamaa kwa jamaa, wakiwamo wafua dhahabu, watengeneza marhamu na binti za Shalumu. Wajenzi wa Thimlich hawana orodha. Ukuta wao umesimama. Majina hayakusimama nao. Hapo ndipo panapoonekana kwamba ushujaa hautoshi kutendwa. Sharti pawepo mwenye kuuandika au kuuimba.

Hitimisho

Suala hili si la nadharia tupu. Katika mji wa Migori Mluo, Mkuria, Mgusii na Mluhya huishi jirani na kusomesha watoto wao pamoja. Mwalimu anayefundisha kwamba shujaa ni yule aliyewaua wengi wa upande wa pili anamwambia mmoja wa watoto hao kwamba babu yake alikuwa windo. Maandiko ya Kiyahudi yanaonyesha njia nyingine: shujaa asimuliwe pamoja na kosa lake, na wimbo wa adui usifutwe. Kazi ya mhakiki wa Kiswahili ni kulirudishia neno "shujaa" upana wake, Ruthu apate kuketi na Gideoni, na bibi arusi wa Kinandi aulizwe, walau mara moja, aliyaonaje mambo yale.