Gogo la Mwembe

Gogo la mwembe litakalokuwa ngalawa limelazwa kivulini, hatua chache kutoka ufuko wa Nungwi. Kazi ya shoka imekwisha. Omo na tezi vimeshaonekana. Sasa fundi amesimama ndani ya gogo, miguu ameitanua, anachonga kwa tezo baina ya nyayo zake. Hapigi kwa nguvu. Anaiachia tezo uzito wake, kisha anaizuia kabla haijala sana, na kibanzi chembamba kinaruka.

Gogo hili lingeelea hata lisipochongwa, kwani mti wa mwembe ukikauka ni mwepesi kuliko maji. Lakini lingezama sehemu kubwa, likabiringika, lisibebe mtu. Chombo hushuka majini mpaka maji kiliyoyasukuma yawe na uzito sawa na wake pamoja na vyote vilivyomo. Hapo ndipo bahari hukibeba. Archimedes wa Sirakusa alilieleza jambo hilo zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Fundi halibadilishi tena umbo la nje. Anatoa uzito tumboni tu, na kila kilo ya vibanzi inayotoka ni kilo ya samaki itakayoingia.

Anagonga ubavu kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anasogea shubiri moja, anagonga tena. Chini anaacha unene zaidi: ngalawa huburutwa mchangani, na uzito ukikaa chini chombo hutulia. Alipofika penye fundo la mti aliweka tezo, akachukua patasi, akalila fundo hilo kidogo kidogo karibu saa nzima. Sikumwona hata mara moja akitazama jua.

Kisha marengu. Ngalawa ni nyembamba, peke yake ingepinduka. Miti miwili hukingamishwa juu yake, na ncha za kila upande hufungwa rengu, ubao mrefu. Chombo kikilala, rengu la upande huo huingia majini, na maji hulisukuma juu. Nguvu hiyo si kubwa, lakini inasukuma mahali palipo mbali na chombo, kama mkono ulioshika mwisho wa mpini mrefu. Rengu likining'inia chini mno litakokota maji. Likikaa juu mno, chombo kitalala sana kabla halijagusa. Fundi anafunga kamba, anakwenda tezi, anafumba jicho moja, anarudi, anafungua, anafunga upya.

Siku ya kuishua, maji yamejaa. Kijana wa kilo kama 70 akapanda. Ngalawa ikashuka kidogo tu, ikasukuma lita zipatazo 68 zaidi za maji ya chumvi, ikatulia. Watu wakashangilia. Fundi, maji yakiwa kiunoni, alikuwa ameinama akitazama maji yanapokata ubavu, omo kisha tezi. Akaifuata kamba ya rengu la kushoto, akaifungua, akaanza kuifunga upya.