Ba moja, sauti tatu: mikanda ya wazee ndani ya kompyuta

Kabla majeshi ya Dhanis hayajaingia Kasongo mwaka 1893, watu wa huku walikuwa wanaandikiana mikanda ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Baadhi ya barua za wakati ule, kutoka mashariki ya Kongo, zinatunzwa Ubelgiji. Xavier Luffin alizieleza mwaka 2007, halafu mwaka 2020 akazitolea buku zima. Kwetu Salamabila si jambo la mbali: kila fasi yenye madrasa, toka Kasongo mpaka Kabambare, herufi hizo zinajulikana.

Siku hizi kuna vijana wanaopenda kuingiza maandishi ya namna hii ndani ya kompyuta, au ordinatere kama tunavyosema. Kazi ni nzuri. Namna inavyofanywa mara nyingi, hiyo hatuikubali.

Tuelewe kwanza mashine inafanya nini. Haitunzi sura ya herufi, inatunza namba. Mpango wa zamani wa Wamarekani, wa mwaka 1963, ulikuwa na nafasi 128 tu, na Kiarabu hakikupata fasi hata kidogo. Tangu 1991 iko Unicode, inayopatia kila herufi namba yake. Herufi ب ina 0628. Ile پ ya nukta tatu, ambayo Waajemi wanaandikia sauti ya p, ina 067E (hiyo E si kosa la chapa, namba hizi zinahesabiwa kwa kumi na sita). Hata چ ya ch iko. Kwa hiyo wanaosema kompyuta haijui maandishi ya babu zetu, wanasema bure.

Shida inatoka katika wingi huo. Waandishi wengi wa kale walitumia ب moja kwa b, kwa p na kwa mb. Tena kasra moja ilibeba i na e. Ukiandika بِيبِ, mmoja atasoma bibi, mwingine atasoma pembe. Katika barua ya biashara ya miaka ya 1880 hiyo si tofauti ndogo! Aliyeandika na aliyepokea walielewana kwa maneno ya jirani. Leo anakuja mpiga chapa, anaona ni pembe, anaweka پ fasi ya ب, eti anasaidia. Kwa macho ni nukta mbili tu zimeongezwa. Kwa mashine 0628 imetoka, 067E imeingia, na hakuna alama ya kuonyesha kwamba mzee hakuandika hivyo. Na anayetafuta neno kama lilivyoandikwa hatalipata tena.

Wengine wanaruka moja kwa moja kwenye herufi za Kilatini. Tippu Tip, aliyekaa sana Kasongo, aliandika habari za maisha yake kwa herufi za Kiarabu. Heinrich Brode akazitoa kwa Kilatini mwaka 1902 na 1903. Toka hapo karibu sisi wote tunamsoma Tippu Tip kwa jicho la Brode: ndiye aliyeamua wapi ni i, wapi ni e, wapi u, wapi o.

Basi tunaomba safu tatu: picha ya karatasi, herufi kama zilivyo, kisha Kilatini. Mwenye kuona kwamba ni pembe, aandike pembe katika safu ya tatu. Ile ya pili aiachie mkono wa mzee, na ب yake.