Stelingi Hafi: Kuipima Filamu ya Kejeli

Ukialikwa kukagua filamu ya wanafunzi inayokejeli sinema za zamani za mfululizo, usiulize wametumia kamera gani. Tazama genge kwanza (la mwambani, si la mboga). Sinema hizo, kama Darkest Africa ya mwaka 1936 yenye sehemu 15, Afrika yao ikiwa California, ziliishi kwa hila moja: stelingi anaachwa akining'inia gengeni, mdomoni mwa kifo, ili watu warudi wiki ijayo. Wiki ijayo wanadanganywa. Gari lililotumbukia naye ndani, kumbe aliruka mapema! Mwanafunzi anayejua kazi anaucheza udanganyifu huo. Asiyejua anavaa kofia pana na kuchapa mjeledi.

Genge tunalo: Mwamba wa Tororo, mashariki mwa Uganda, mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Katika filamu moja niliyoonyeshwa, shujaa ananing'inia hapo akiomba dua za mwisho. Kamera inarudi nyuma polepole. Kumbe nyayo zake ziko shibiri moja juu ya nyasi. Mama anapita na karai la muhogo kichwani: "Teremka, mwanangu, utachafua shati." Nilicheka hadi machozi. Lakini kilichoibeba picha ile ni uso wa kijana, ambao haukucheka hata kidogo. Mwigizaji akikukonyeza kwamba naye anajua ni mzaha, basi, zima.

Umaskini si kosa. Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 huko Wakaliga, Kampala, kwa bajeti ya kuchekesha yenyewe, na damu ya filamu zake hupasuka kutoka kwenye kondomu zilizojazwa rangi. Bunduki ya mbao nitaisamehe. Nisiyoisamehe ni ile inayoinuliwa kama mwiko: mkono lazima uione nzito, bega lirudi nyuma risasi inapotoka.

Halafu sikiliza. Upepo ukinguruma kwenye maikrofoni, hakuna kejeli itakayowaokoa. Wakiweka sauti ya msimulizi, kama VJ Emmie kwa Waganda au DJ Afro upande wa Kenya, pima hivi: je, anaongeza kichekesho, au anatueleza tulichokwisha kukiona? Wengi wanaeleza.

Kufukuzana je? Hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ndipo boda boda ilipopata jina, baiskeli zikivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka, lakini vijana wetu bado wanaazima pikipiki kubwa ili wafanane na Wamarekani. Na mpaka wenyewe ni kichekesho tayari: tangu 2018 tuna kituo cha pamoja cha mpakani, unagongewa muhuri upande unaoingia tu. Bado naingoja filamu ambayo stelingi na adui, wote juu ya baiskeli, wanafika hapo wakitweta, wanapanga foleni moja, wanaazimana kalamu, wanagongewa, kisha wanaanza tena kufukuzana.

Atakayeipiga aombe kibali cha mpakani kwanza. Kisha aniite.